Mnyonyadamu Arudi Kijijini: Historia ya Riwaya ya 'Salem's Lot

Tarehe 17 Oktoba 1975, kampuni ya uchapishaji ya Doubleday huko New York ilitoa riwaya ya pili ya kijana aliyekuwa mwalimu wa sekondari katika jimbo la Maine, lile la misitu na baridi kali kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani. Jina lake Stephen King, umri miaka 28. Kitabu kiliitwa 'Salem's Lot, na kisa chake kikisimuliwa harakaharaka hakina jambo geni: mnyonyadamu mkongwe kutoka Ulaya anahamia mji mdogo, anafyonza damu za watu usiku, nao wakishakufa wanaamka na kuwaendea ndugu zao. Hayo yote yalikwisha kuandikwa, tena mara nyingi. Kilichokuwa kigeni ni mji. Na hata huo ulikuwa mgeni kwa wasomaji wa riwaya tu, kwa sababu kabla waandishi hawajamvika joho jeusi na kumpa ngome, mnyonyadamu alikuwa mtu wa kijijini, tena jirani.

Marehemu wa nyumba ya pili, 1725–1892

Mwaka 1718 Dola ya Austria iliwanyang'anya Waturuki sehemu ya kaskazini ya Serbia, na maofisa wake wakajikuta wakitawala vijiji wasivyovielewa. Mwaka 1725 watu wa kijiji cha Kisiljevo walimwendea ofisa wao wakidai kwamba marehemu Petar Blagojević anawakaba watu usiku, na kwamba wasiporuhusiwa kulifukua kaburi lake watahama kijiji kizima. Kaburi likafukuliwa mbele ya ofisa huyo, naye akaandika taarifa kwa wakubwa wake.

Kilichovuma zaidi ni kisa cha kijiji cha Medveđa. Januari 1732 daktari wa jeshi, Johann Flückinger, alitumwa huko kuchunguza vifo vilivyokuwa vikifuatana. Wanakijiji walimtaja Arnold Paole, mwenzao aliyekufa miaka kadhaa nyuma kwa kuanguka kutoka kwenye mkokoteni wa nyasi. Flückinger alifukua makaburi, akaandika alichokiona: miili ambayo haikuoza kama alivyotarajia, damu mdomoni, kucha zinazoonekana kuota upya. Leo tunajua maiti hufanya hivyo ardhini, hasa wakati wa baridi. Lakini ile ilikuwa ripoti ya serikali, imetiwa saini na madaktari na maofisa, na magazeti ya Ulaya yakaigombania. Jazba ya kufukua wafu ilizidi hata Malkia Maria Theresa wa Austria akaipiga marufuku mwaka 1755, baada ya tabibu wake, Gerard van Swieten, kuandika kwamba mambo hayo hayana msingi.

Amri hiyo haikufika Marekani. Katika majimbo ya New England, ambako ndiko Maine iliko, kifua kikuu kilikuwa kikizimaliza familia moja baada ya nyingine, na kwa kuwa kiliwakumba watu wa nyumba moja kwa zamu, wakulima wengi waliona kana kwamba aliyetangulia ndiye anayewavuta waliobaki. Kisa kinachojulikana kuliko vyote ni cha Exeter, Rhode Island. Familia ya mkulima George Brown ilimpoteza mama Mary Desemba 1883, kisha binti mkubwa. Miaka ikapita. Januari 1892 akafa binti wa pili, Mercy, mwenye miaka 19, na kaka yake Edwin naye alikuwa akikohoa na kukonda. Majirani wakamwendea baba yao. George Brown mwenyewe hakuiamini habari ile, lakini walimng'ang'ania mpaka akakubali.

Tarehe 17 Machi 1892 makaburi yakafunguliwa, daktari Harold Metcalf akiwapo. Mama na binti mkubwa walikuwa mifupa. Mercy, ambaye alikuwa na miezi miwili tu tangu afe, katika majira ya baridi, alikuwa bado hajaoza, na moyoni mwake mlikuwa na damu. Daktari aliwaeleza kwamba hilo ni la kawaida, na kwamba mapafu yake yana dalili za kifua kikuu. Hawakumsikiliza. Walichoma moyo na ini juu ya jiwe, wakachanganya majivu na maji, wakampa Edwin anywe. Alifariki tarehe 2 Mei. Robert Koch alikuwa ametangaza kimelea cha kifua kikuu mjini Berlin miaka kumi kabla ya siku hiyo.

Katika visa hivi vyote hakuna ngome wala bwana mkubwa. Kuna shamba, ugonjwa unaotoka kitanda hadi kitanda, na majirani wanaokuja mlangoni kwa pamoja wakiwa wameshaamua.

Anapandishwa cheo, 1816–1954

Waandishi walipompata mnyonyadamu huyu wa kijijini walimpandisha cheo. Mwaka 1815 mlima Tambora ulilipuka kule Indonesia na majivu yake yakaharibu hali ya hewa ya dunia. Kiangazi cha mwaka uliofuata Ulaya kilikuwa cha mvua na baridi. Katika nyumba ya Villa Diodati karibu na Geneva, mshairi Byron na wageni wake waliofungiwa ndani na mvua waliamua kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Mary Shelley akaanza Frankenstein. Daktari wa Byron, John Polidori, alitoka na The Vampyre, iliyochapishwa mwaka 1819, na shujaa wake mwovu ni Lodi Ruthven, mtu wa dhifa na kumbi za kifahari za London, anayefanana mno na bosi wa mwandishi. Tangu hapo mnyonyadamu akawa mtu wa tabaka la juu. Carmilla wa Sheridan Le Fanu, mwaka 1872, ni binti wa ukoo wa makabaila.

Kisha Dracula. Bram Stoker alikuwa meneja wa ukumbi wa maonyesho wa Lyceum mjini London, na riwaya yake ya 1897 ilimchukua miaka kadhaa ya kukusanya habari. Katika makabrasha aliyoyaacha kulikutwa kipande cha gazeti la New York World la mwaka 1896 kuhusu wanyonyadamu wa New England. Kwa hiyo mambo ya wale wakulima wa Marekani yalifika mezani kwake, ila aliyaacha hapo. Yeye alitaka kabaila kutoka milima ya Transylvania anayeingia London, mji wa mamilioni ambamo mtu anaweza kujificha apendavyo. Namna anavyoingia ndiyo ya kukumbukwa: hapigi vita, ananunua nyumba. Kijana Jonathan Harker, mtu wa ofisi ya wakili, ndiye anayesafiri na hati za mauziano.

Sinema ikafuata. Mwaka 1922 F. W. Murnau alitengeneza Nosferatu huko Ujerumani bila kuomba ruhusa ya mjane wa Stoker, ambaye alishtaki, na mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe. Mwaka 1931 Bela Lugosi alimpa Dracula suti ya dhifa na lafudhi ambayo watoto waliiga kwa miongo. Kufikia miaka ya 1960 alikuwa ameshachuja, akivaliwa kama kinyago siku ya Halloween na kuuzwa kama mwanasesere wa plastiki wa kuunganisha vipande. Mwanasesere huyo tutakutana na ndugu yake baadaye.

Aliyeanza kumrudisha mtaani ni Richard Matheson. Katika I Am Legend ya mwaka 1954, mtu mmoja wa Los Angeles amebaki peke yake baada ya ugonjwa kugeuza watu wote, na kila usiku anayesimama nje ya nyumba yake akimwita kwa jina atoke ni jirani yake wa zamani, waliyekuwa wakienda kazini pamoja. King alikisoma kitabu hicho akiwa kijana na hajawahi kuficha deni lake.

Mtoto wa Durham, 1947–1973

Stephen King alizaliwa Portland, Maine, tarehe 21 Septemba 1947. Alipokuwa na miaka miwili baba yake alitoka nyumbani na hakurudi. Mama, Ruth, akahangaika na watoto wawili kutoka jimbo hadi jimbo, kazi moja hadi nyingine, mpaka Stephen alipofika umri wa miaka 11 hivi ndipo wakatulia Durham, kijiji cha mashamba cha Maine, ili Ruth awatunze wazazi wake waliozeeka. Hapo ndipo King alipoujua mji mdogo kwa ndani: shule ya chumba kimoja, kanisa la Methodist, kila mtu akijua deni la mwenzake. Palikuwa pia na nyumba tupu iliyochakaa ambayo watoto waliambiana kwamba ina mashetani, nao, kama watoto wa popote, wakaingia.

Alisoma Chuo Kikuu cha Maine, akahitimu mwaka 1970, akamwoa Tabitha Spruce Januari 1971. Kazi ya ualimu haikupatikana mara moja, akafua mashuka katika kiwanda cha udobi. Baadaye akaajiriwa kufundisha Kiingereza katika sekondari ya Hampden kwa dola 6,400 kwa mwaka. Walikaa kwenye nyumba ya trela huko Hermon, watoto wawili, simu imekatwa kwa kutolipiwa. Alikuwa akiandika usiku katika kachumba ka kufulia nguo, taipureta ya mkewe juu ya meza ya mtoto aliyoipakata magotini. Kurasa za mwanzo za Carrie alizitupa kwenye pipa la taka. Tabitha alizitoa, akapangusa majivu ya sigara, akamwambia aendelee.

Doubleday waliinunua Carrie kwa malipo ya awali ya dola 2,500, na kwa sababu simu ilikuwa imekatwa, mhariri Bill Thompson alituma habari kwa telegramu. Kisha Mei 1973 haki za toleo la jalada laini zikauzwa kwa dola 400,000, nusu yake ikiwa ya King. Siku hiyo, alivyosimulia mwenyewe, alitoka kumnunulia mkewe zawadi na kitu pekee cha maana alichokikuta dukani ni kikausha nywele. Ualimu ukaisha hapo. Mama yake alifariki Desemba mwaka huohuo kwa saratani, kabla Carrie haijatoka.

Swali la mezani

Wazo la 'Salem's Lot lilitoka darasani. Huko Hampden King alikuwa akifundisha Dracula, na akashangaa kuona riwaya ile ya 1897 inawashika wanafunzi wa miaka ya 1970 kuliko alivyotegemea. Jioni moja mezani, pakiwa na Tabitha na rafiki wa utotoni wa King, likazuka swali: Dracula akija leo Marekani itakuwaje? King akatania kwamba akishuka New York atagongwa na teksi. Jibu lililobaki ni kwamba asishuke New York, ashukie mji mdogo wa Maine, mahali ambapo watu wakitoweka hakuna anayeuliza kwa muda.

Jibu hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwani linaigeuza hesabu ya Stoker. Dracula aliutaka mji mkubwa kwa kuwa watu hawajuani. King aliona kwamba kijiji kinaficha vizuri zaidi, ingawa huko watu wanajuana mpaka majina ya mbwa. Mtu anayejua siri ya jirani yake ana sababu nyingi za kutogonga mlango wake usiku.

Kulikuwa na jambo jingine hewani. Juni 1972 wezi walikamatwa katika ofisi za chama cha Democratic kwenye jengo la Watergate, Washington, na kuanzia Mei 1973 kamati ya Seneti ilikaa mbele ya kamera za televisheni ikichimbua nani alijua nini. Nchi nzima ilikuwa ikitazama jinsi watu wenye heshima, waliovaa tai, walivyojua na wakanyamaza. Rais Nixon alijiuzulu kwa kashfa hiyo tarehe 9 Agosti 1974. King amewahi kusema kwamba vikao vile vilikuwa kichwani mwake alipokuwa akiandika, na kwamba hofu halisi ya kitabu ni ya siri zile. Mimi namwamini, ingawa waandishi hupenda kuvipa vitabu vyao sababu kubwa baada ya kufanikiwa. Katika 'Salem's Lot siasa haitajwi sana. Unyamavu ndio umejaa kila ukurasa.

Mswada aliupa jina Second Coming. Tabitha akasema linasikika kama kitabu cha ngono, tena kibaya. Likawa Jerusalem's Lot, jina la mji wenyewe; wachapishaji wakaona linanukia dini, wakalifupisha kwa kulikata mwanzo, ndiyo maana lina ile alama ya ritifaa mbele. Thompson alikuwa na hofu nyingine: alipopewa achague kati ya mswada huu na mwingine usio na mambo ya kutisha, alimwonya King kwamba akitoa hiki baada ya Carrie atabandikwa lebo ya mwandishi wa vitisho maisha yake yote. King akasema haidhuru. Onyo lilitimia, na lebo imemlipa vizuri.

Thompson pia aliondoa kifo kimoja. Katika rasimu, daktari Jimmy Cody analiwa na panya ndani ya chumba cha chini cha nyumba, nao wanamwingia mpaka mdomoni. Mhariri aliona imezidi, ikabadilishwa: ngazi imekatwa makusudi, daktari anaangukia visu. Kurasa za panya zilikuja kuonekana miaka 30 baadaye katika toleo maalumu la mwaka 2005, na mtu akizisoma atakubaliana na Thompson, au la, kulingana na tumbo lake.

Mji wa watu 1,300

Jerusalem's Lot ni mji wa kubuni wenye watu kama 1,300. King anaupa asili kwa utani: mkulima mmoja wa zamani alikuwa na nguruwe jike aitwaye Jerusalem, akatorokea msituni akawa mkali, na mkulima akazoea kuwaonya watoto wasikanyage msitu wa Jerusalem. Juu ya kilima ipo Nyumba ya Marsten, ambayo mwenyewe, jambazi mstaafu, alimwua mkewe na kujinyonga mwaka 1939.

Wanaofika mjini ni wawili. Mmoja ni Ben Mears, mwandishi aliyeishi hapo utotoni. Wa pili ni Kurt Barlow, mnyonyadamu, ambaye hatumwoni kwa muda mrefu; anayeonekana ni wakala wake, Richard Straker, mzee mtanashati anayefungua duka la samani za kale. Mauziano ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Straker anaingia ofisini kwa Larry Crockett, dalali wa nyumba na viwanja, na kununua Nyumba ya Marsten pamoja na lililokuwa duka la kufulia nguo kwa dola moja tu. Badala yake dalali anapewa hati za ardhi ambapo litajengwa eneo kubwa la maduka, mali ya mamilioni. Sharti ni kutouliza na kutosema. Vibarua wa Crockett wanalichukua sanduku zito bandarini Portland na kuliteremsha katika chumba cha chini cha ile nyumba. Mmoja wao anaona huko nguo zinazofanana na za mtoto aliyepotea. Anamwendea bosi wake. Crockett anamnyamazisha. Katika riwaya ya Stoker mtu wa ofisi ya wakili alidanganywa, lakini huyu wa King alilipwa, naye anahesabu faida.

Kabla ya mambo kuharibika King anafanya jambo ambalo mwandishi wa vitisho mwenye haraka asingethubutu. Anatupitisha mjini saa baada ya saa, kuanzia saa kumi alfajiri vijana wa shamba la Griffen wakikamua ng'ombe. Muuza maziwa anapita. Dereva wa basi la shule anawakaripia watoto. Mama kijana anampiga mtoto wake mchanga usoni na kuanza kulia. Mke wa mtu anamkaribisha fundi wa simu. Mabel Werts, bibi mnene, amekaa dirishani na darubini, simu sikioni. Kwenye geti la makaburi, mchimba kaburi Mike Ryerson anakuta mbwa wa muuza maziwa ametungikwa juu ya vyuma vyenye ncha. Hakuna mnyonyadamu katika kurasa hizo, na bado msomaji anaona wazi mlango ambao atapitia.

Anapitia kwa watoto. Ralphie Glick anapotea akikatiza msituni na kaka yake. Kaka yake Danny anafia hospitalini, anazikwa, na usiku anakuja kuelea nje ya dirisha la rafiki yake Mark Petrie akiomba kufunguliwa. Mark, mpenzi wa wanasesere wa mazimwi, anachomoa msalaba wa plastiki kutoka kwenye seti yake ya makaburi ya kuchezea na kumchoma nao usoni. Unafanya kazi. Baadaye padri Donald Callahan atasimama mbele ya Barlow na msalaba halisi, uliobarikiwa, unaong'aa. Barlow atamtaka autupe wakabiliane imani kwa imani, padri atasita, na mwanga utazimika mkononi mwake. Mwisho wake ni kupanda basi usiku na kutoka mjini, ameshanyweshwa damu ya adui yake.

Mji unaanguka ndani ya wiki chache. Maduka hayafunguliwi, mapazia hayaondolewi mchana, watu wanasema ni mafua. Konstebo Parkins Gillespie anapakia gari lake na kuondoka, na anavyoona yeye mji ulikuwa umekufa kitambo, ndiyo maana yule jamaa akauchagua. Ben na Mark wanampata Barlow na kumwua, lakini hilo haliokoi kitu, kwa sababu kufikia hapo wanyonyadamu ni watu wa mji wenyewe. Wanakimbilia Mexico, na mwaka mmoja baadaye wanarudi kuuchoma.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaisoma hadithi hii akiwa na yake kichwani. Enzi za ukoloni, kutoka pwani hadi Nairobi na Kampala, watu walisimuliana habari za mumiani na wazimamoto wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu, na mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo katika kitabu chake cha mwaka 2000, akionyesha kwamba zilibeba mambo halisi: kazi, mishahara, hospitali, polisi, magari ya serikali. Kwetu mnyonyadamu alikuja na ofisi na gari jekundu, na aliyekusaliti alikuwa mwenzako mwenye ajira. Crockett angeeleweka vizuri sana katika simulizi hizo. Danny Glick dirishani asingeeleweka. Yeye anatoka Medveđa na Exeter.

Njia mbili, 1976 na baadaye

Mwaka 1976 kilitoka kitabu kingine, Interview with the Vampire cha Anne Rice, na hapo njia zikaachana. Kwa Rice mnyonyadamu ndiye anayesimulia; ana huzuni, ni mzuri wa sura, tunamhurumia. Njia hiyo ndiyo iliyopata umati mkubwa, hadi kufikia mapenzi ya vijana ya Twilight mwaka 2005. Ya King ilibaki nyembamba lakini haikukatika. Peter Straub aliifuata katika Ghost Story ya mwaka 1979, mji mdogo wa theluji na wazee wenye siri moja. Midnight Mass, tamthilia ya Mike Flanagan ya mwaka 2021, inaihamishia kisiwani na kumweka padri katikati.

King mwenyewe alirudi. Katika mkusanyiko wa Night Shift wa mwaka 1978 kuna hadithi mbili za mji huo, moja ya mwaka 1850, nyingine ya usiku wa dhoruba baada ya moto. Padri Callahan, aliyepandishwa basi mwaka 1975, aliibuka tena mwaka 2003 katika mfululizo wa The Dark Tower.

Televisheni ya CBS iliionyesha riwaya kwa siku mbili Novemba 1979, Tobe Hooper akiongoza. Barlow wa kitabuni ni msemaji mwenye adabu. Hooper alimfanya bubu, kipara, mwenye meno ya panya, akimrudia Nosferatu wa 1922. Kwa tukio la dirishani walimweka mtoto kwenye mkono wa kreni badala ya kumning'iniza kwa waya, wakapiga picha kinyumenyume ili ukungu uende upande usio wa kawaida. Waliolitazama wakiwa watoto bado wanalisimulia. Toleo la mwaka 2004, lenye Rob Lowe, lilipita bila kishindo. Filamu ya Gary Dauberman iliyotoka Oktoba 2024, baada ya kuahirishwa tangu 2022, inakimbia. Katika saa mbili watu wanageuka kabla hatujajua wanaitwa nani.

Hasara ya filamu zote tatu ni moja, ingawa ya Hooper ina afadhali kidogo: zinamtafuta Barlow na kuuruka mji. Anayetaka kuijua hadithi hii aanze na kitabu, na akifika zile sura ndefu zenye kichwa The Lot, ya kwanza ikiwa haina hata jino moja, asizifunue harakaharaka.